LINARITI: JIWE LA BULUU LENYE RISASI NDANI YAKE

Wazee wetu wa pwani waujua sana mrututu, ile chumvi ya buluu iliyokuwa ikiuzwa pamoja na shabu na ubani, ikasagwa na kutiwa juu ya madonda. Buluu yake yatokana na shaba. Hata feruzi ya pete, rangi yake yatokana na shaba hiyo hiyo. Basi mwezi huu, wasomaji wapenzi, twataka kuzungumza juu ya jamaa mmoja wa mrututu asiyejulikana na wengi, naye ni jiwe liitwalo linariti. Buluu yake imekolea kuliko ya mrututu, tena halitoweki likitiwa majini kama utowekavyo mrututu. Lakini ndani yake mna kitu ambacho mrututu hauna, nacho ni risasi.

Kwa hesabu ya wanakemia, katika kila gramu 100 za linariti safi mna risasi kiasi cha gramu 52, na shaba kiasi cha gramu 16; zilizosalia ni kiberiti, oksijeni na haidrojeni. Yaani zaidi ya nusu ya jiwe hili zuri ni sumu. Neno hili tutalirudia.

Jina lake lilitolewa mwaka 1839, kutokana na mji wa Linares ulio katika jimbo la Jaén, kusini mwa Hispania. Waislamu walipoitawala Andalus waliuita mji wa Jaén Jayyan, nao haukutoka mikononi mwao mpaka mwaka 1246, ulipotwaliwa na Mfalme Ferdinand wa Tatu wa Castile. Athari ya Kiarabu haikufutika huko. Mojawapo ya machimbo makubwa ya risasi ya Linares liliitwa Arrayanes, neno la Kihispania litokalo katika Kiarabu ar-rayhan, na ndilo hilo hilo lililotupa sisi rehani ya bustanini, ijapokuwa kwao ni jina la mti mwingine wenye majani ya kunukia.

Sasa jiwe hili hufanyikaje? Katika mwamba hukaa madini mawili jirani: galena, ambayo ni risasi iliyoungana na kiberiti, nzito, ya kijivu, ing'aayo kama chuma kipya, na madini ya shaba yenye kiberiti, ambayo mara nyingi huwa ya manjano hata wajinga huyadhania dhahabu. Maji ya mvua na hewa vipenyapo katika nyufa, madini hayo huoza polepole. Shaba huyeyuka ikatembea na maji, bali risasi haiendi mbali, kwa kuwa chumvi yake haiyeyuki kwa urahisi. Pale maji yenye shaba yaikutapo risasi iliyooza, ndipo linariti huota. Hata hapo, maji yakiwa na hewa ya kaboni nyingi, hutokea mawe mengine badala yake. Ndiyo maana jiwe hili ni adimu, na likipatikana huwa ni ukoko mwembamba tu, au fuwele ndogo kama sindano. Fuwele kubwa zimesifika za Tiger, Arizona, nchini Marekani. Kadhalika limepatikana Red Gill, katika milima ya kaskazini ya Uingereza, na Leadhills, Scotland. Katika Afrika lilitoka Tsumeb, Namibia, chimbo lililofungwa mwaka 1996.

Wengi waliookota linariti wamedhani ni azuriti, jiwe jingine la shaba lenye buluu ile ile. Jicho peke yake halitoshi kuyatenga. Mtaalamu hutia tone la asidi ya kloridi iliyozimuliwa: azuriti hutoa povu, na linariti haitoi povu, bali hufanya weupe juu yake. (Vijana, jambo hili ni la maabara na mwalimu, si la jikoni kwa mama.) Njia iliyo salama zaidi ni kupima uzito. Al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973, alipima vito na madini kwa kuyatia katika chombo cha maji na kupima maji yaliyomwagika, akayalinganisha kwa uzito badala ya rangi. Kwa hesabu kama hiyo azuriti huwa nzito kuliko maji mara 3.8 hivi, na linariti mara 5.3. Tena ni laini. Senti ya shaba hulikwaruza, kwa hiyo halifai kwa pete hata kidogo.

Hapa ndipo twarudi katika sumu. Linariti ni adimu, wala si rahisi kufika nyumbani kwa mtu. Lakini galena, mzazi wake, imo majumbani siku nyingi, nayo huingia kwa jina la wanja. Wataalamu waliopima wanja wa kuuzwa katika nchi mbalimbali wamekuta mwingine una risasi zaidi ya nusu. Muuzaji husema ni ithmidi, na jina hilo lina heshima kwetu kwa kuwa limetajwa katika Hadithi. Lakini jiwe la antimoni na galena yote mawili ni ya kijivu, yote hung'aa, na yakisagwa ni nani awezaye kuyatenga kwa jicho? Mtoto mchanga apakwaye hujifuta uso, kisha hutia vidole kinywani. Risasi huingia katika damu yake, ikadhuru ubongo ungali unakua, na madhara hayo hayaondoki. Hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa ni salama kwa mtoto. Akina mama waliozoea kuwachora watoto nyusi na paji la uso, wasikubali jina lililoandikwa juu ya kichupa. Na ambaye mtoto wake amekwisha kupakwa muda mrefu, na amwambie daktari, kwani damu hupimwa na risasi ikaonekana.