Jicho Lisilouma Si Jicho Zima

Mwandishi aliyedai katika toleo lililopita kwamba asomaye gazeti bila taabu hana haja ya tabibu wa macho ametoa, kwa heshima zote, hukumu isiyo na ushahidi. Glakoma, ugonjwa wa macho, humpokonya mtu uoni wa pembeni kwanza, aghalabu pasipo maumivu, na uoni uliopotea haurejei; basi angojaye dalili ataenda akiwa amekwisha kuhasirika. Tena, tangu mwanasayansi Helmholtz alipobuni mwaka 1851 chombo cha kutazamia ndani ya jicho, tabibu huiona mishipa ya damu bila kupasua, akatambua humo athari za kisukari na shinikizo la damu, pengine kabla mgonjwa hajazihisi. Kupimwa macho mara kwa mara, hususan kwa mwenye kisukari, si anasa, bali ni faradhi ya afya.