Motokaa Inaposaga Breki

Kwenda Takawiri hakuna barabara. Kisiwa hicho kimo katika Ziwa Viktoria, kati ya Rusinga na Mfangano, na wenyeji wake huvuka kwa mashua. Kwa hiyo mtu wa huko aliye na motokaa hapana budi kuiacha bara, mara nyingi Mbita, na pengine hukaa siku nyingi karibu na maji huku mwenyewe akishughulika na samaki wake kisiwani.

Siku anapoirudia na kukanyaga breki kwa mara ya kwanza, husikia mkwaruzo kama wa jembe linaloburutwa juu ya mwamba. Hapo watu hugawanyika mafungu mawili. Wengine hushtuka na kumwita fundi papo hapo; wengine husema ni kutu tu, nao hushika njia ya Homa Bay na abiria ndani. Wote waweza kuwa wamekosea, maana mkwaruzo wa namna moja hauna madhara, na wa namna nyingine waweza kuua.

Kutu yenyewe si jambo la ajabu. Breki za mbele za motokaa nyingi ni sahani ya chuma, yaani diski, inayozunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili huibana kutoka pande mbili. Diski ni chuma kitupu kisichopakwa rangi. Ni kweli kwamba maji ya ziwa hili hayana chumvi kama ya Mombasa, lakini umande na mvua vyatosha kuitia utando mwekundu kwa usiku mmoja. Dawa yake ni breki zenyewe. Mwenye motokaa na aiendeshe polepole mahali tambarare, bila abiria wala mzigo, akikanyaga breki taratibu mara nane au kumi. Ikiwa ni kutu, sauti itapungua na kuisha. Ikiwa haiishi, au usukani unatetemeka, au pedali inashuka kuliko desturi, basi si kutu, na safari haifai.

Iko pia sauti inayosikika hata breki zisipokanyagwa. Mara nyingi hiyo ni kijiwe kilichonaswa kati ya diski na bati jembamba lililo nyuma yake, na pengine huanguka motokaa ikirudishwa nyuma kidogo.

La kuogopwa ni pedi zilizokwisha. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 au zaidi kidogo, nayo imegandishwa juu ya bamba la chuma. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma unaogusa diski unene unapokaribia kwisha, ukatoa mlio mwembamba. Huo ndio onyo. Asiyeusikiliza huendelea mpaka pedi yote imelika na bamba linasaga diski, chuma kwa chuma. Hapo motokaa huchelewa kusimama, na diski huchimbika mifereji.

Kutazama si kazi ngumu, ila iwe kwa hadhari. Motokaa iwekwe mahali tambarare na pagumu, si mchangani. Magurudumu yasiyoinuliwa yawekewe mawe mbele na nyuma. Nati zilegezwe kwanza ndipo jeki ipandishwe. Kisha iegemezwe juu ya stendi ya chuma. Tofali la udongo hupasuka ghafla, na jeki huteleza. Gurudumu likisha kutoka, zitazamwe pedi zote mbili, kwa kuwa ile ya ndani mara nyingi hulika mbele ya mwenzake pini za kalipa zinaposhikwa na kutu, na wengi wamedanganywa na uzuri wa ile ya nje. Pedi ikibaki milimita 3, ibadilishwe, na ibadilishwe kwa magurudumu yote mawili ya mbele. Vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo, maana pedi za zamani zilitiwa asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Anayebadilisha mwenyewe asiiache kalipa ining'inie kwa mpira wa mafuta, bali aifunge kwa waya. Kabla ya kuisukuma pistoni irudi ndani, akitazame kikopo cha mafuta ya breki: kama kiliongezwa mafuta pedi zilipokuwa zimelika, sasa kitafurika. Pini zisafishwe na kupakwa grisi ya breki. Na mafuta ya injini yasitiwe kamwe katika kikopo hicho, hata tone, kwa sababu huvimbisha mipira ya ndani ikaharibika yote. Mafuta yanayofaa yameandikwa juu ya kifuniko, kama DOT 3 au DOT 4.

Liko kosa moja linalowapata hata mafundi. Pistoni ikisha kurudishwa, pedali huwa haina nguvu hata kidogo na huenda mpaka chini. Mwenye motokaa asiiondoe mahali pake kabla ya kuikanyaga pedali mara nyingi hadi iwe ngumu. Hapo tena ndipo aijaribu polepole karibu na nyumbani.

Motokaa nyingi zina breki za dramu nyuma, nazo husaga vivyo hivyo breki shuu zinapokwisha, hasa kwa gari linalobeba mizigo mizito. Kuzifungua ni kazi ya mwenye ujuzi, kwa ajili ya springi zake nyingi. Kadhalika mafuta yakionekana yakivuja, au diski ikiwa imepungua chini ya kipimo kilichochongwa juu yake, asijaribu kuifikisha kwa fundi kwa kuiendesha. Fundi aitwe Mbita, na mwenye motokaa apande matatu.