Mng'ao Usioliwa

Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watoto 6 walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa poda ya rangi ya dhahabu. Uchunguzi ulibaini shaba nyingi katika pambo hilo. Mwaka uliofuata, huko Missouri, mtoto wa mwaka 1 alikutwa na madini ya risasi katika damu; chanzo kilikuwa poda ya namna hiyo hiyo kwenye keki yake.

Kisa cha pili ndicho kinachonitisha zaidi. Shaba huchokoza tumbo na kujitangaza upesi. Risasi huingia kimya kimya, hudhuru ubongo unaokua, na hakuna kiwango chake katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Kwa maoni yangu, mtego umo katika maandishi ya kopo. Maneno "haina sumu" humtuliza mwokaji, ilhali hayasemi kwamba kilichomo ni chakula. Chaki ya darasani nayo yaweza kuandikwa hivyo, na hakuna amwekeaye mgeni chaki sahanini. Poda ya kuliwa hutamka wazi kuwa inaliwa, na huorodhesha viambato vyake. Muuzaji anayeigawa katika vikopo visivyo na maandishi amemnyima mwokaji wa nyumbani kinga yake pekee. Sioni haki ya kuanza kumlaumu mwokaji huyo.

Wala mng'ao si mgeni majikoni mwetu. Visheti hung'aa kwa shira tu, yaani sukari na maji yaliyochemshwa hadi yakanata. Kwa peremende na maua ya sukari, gamu arabiki ya chakula, ambayo ni utomvu mkavu wa migunga, huyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, ikachujwa, ikapakwa nyembamba kwa brashi na kuachwa ikauke. Ute wa yai bichi nao hung'arisha, lakini kwa hofu ya bakteria wa salmonela siupendekezi.

Nasi wahudumu wa afya tuna sehemu yetu. Mtoto anapoletwa akitapika baada ya sherehe, huwa tunauliza kuhusu wali, nyama na maji. Tuulize pia kuhusu pambo la keki, na tumwombe mzazi alete kopo lake.