Barabara Ni ya Nani?

Vijana wa Kakamega, tuulizane kitu kimoja. Ukisimama asubuhi kando ya barabara ya Kisumu–Webuye, unaona nani? Wanafunzi wa Masinde Muliro kwa miguu, mama na mzigo kichwani, baiskeli, boda, matatu. Wenye magari yao ni wachache. Lakini pesa ya barabara ikitoka, anayefikiriwa kwanza ni nani? Mwenye gari. Wewe unaachiwa ukingo na mtaro.

Si hapa tu. Barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022. Ni ya kulipia, na boda na baiskeli haziruhusiwi. Jiji hilohilo mwaka 2015 lilipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa watembea kwa miguu na baiskeli. Sera bila pesa ni maneno tu.

Na msidanganywe eti ni pesa ya wenye magari. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli na dizeli inakatwa Sh25 za matengenezo ya barabara. Boda akijaza mafuta analipa, halafu abiria anaongezewa nauli. Tunalipa sote.

Tunalipa kwa damu pia. Zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani Kenya kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni watembea kwa miguu.

Kuna atakayesema: lami inasaidia hata matatu na ambulensi. Kweli kabisa, na hatupingi lami. Tunataka njia ya miguu na baiskeli, vivuko, taa na stendi ziwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, si "awamu ya pili" isiyofika.

Sasa tufanye nini? Tujue wa kuuliza. Barabara kuu ni za KeNHA. Barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma, Katiba ya 2010 imeipa kaunti. Makadirio ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya umma. Nenda na wenzako, inua mkono, uliza: ni shilingi ngapi za anayetembea? Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mwaka ujao turudi nalo.