Windows 11: Nani Kasema Kompyuta Yako Imekufa?

Niko Timau. Baridi ya mlima asubuhi hii inamkatisha mtu hamu ya kugusa kibodi, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Oktoba 2025 na leo lazima nilitoe.

Kuna mama ana saiba hapa mjini, karibu na barabara ya Nanyuki kwenda Meru. Ana kompyuta sita, zote ex-UK, prosesa za Intel za kizazi cha sita, memori GB 8, diski za SSD. Wateja wake ni wafanyakazi wa mashamba ya maua, wakulima wa viazi, wanafunzi, yeyote anayetaka kuchapisha CV, kuingia eCitizen au kupeleka ritani za KRA. Siku moja alinijia uso umemshuka.

"Kijana wangu, fundi ameniambia mashine zangu zote zimekufa. Eti ninunue sita mpya."

Nikamuuliza, "Mama, zinawaka?"

"Zinawaka, na kazi zinafanya. Lakini anasema zimepita tarehe, kama maziwa."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Mimi huandika programu kwa riziki yangu, na sijaona siku nyingi uongo uliovalishwa ukweli vizuri namna hii. Ukweli wenyewe ni mfupi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa viraka vya usalama vya bure kwa Windows 10, mfumo endeshi uliozinduliwa Julai 2015. Basi. Kompyuta haikuzimika usiku huo. Kilichokoma ni viraka.

Kwa nini basi mama asipandishe tu hadi Windows 11? Kwa sababu inamkatalia. Toleo hilo, lililotoka Oktoba 2021, linadai memori ya GB 4, nafasi ya GB 64, Secure Boot, na TPM 2.0, yaani mahali maalumu ndani ya mashine pa kuhifadhia funguo za siri. Mashine za mama zina hayo yote, hata TPM. Nilikagua moja moja. Kosa lao ni kwamba kwa upande wa Intel orodha ya prosesa zinazokubalika inaanzia, kwa jumla, kizazi cha nane, cha mwaka 2017.

Nasema "kwa jumla" kwa makusudi. Agosti 2021 Microsoft iliongeza kwenye orodha prosesa chache za kizazi cha saba. Mojawapo ni Core i7-7820HQ. Unajua ilikuwa ndani ya kompyuta gani? Surface Studio 2, iliyotengenezwa na Microsoft wenyewe. Mlango ulikuwa na ufunguo, ila ulimfungukia mwenye nyumba.

Haya, tuwe waungwana. Windows 11 si takataka. Kinga yake dhidi ya programu zinazojipenyeza hadi kwenye kiini cha mfumo ni bora, na prosesa mpya hubeba mzigo wa kinga hiyo kwa wepesi kuliko hizi za zamani. Kama kompyuta yako inakubaliwa, pandisha. Andaa bando tu, maana faili lake linazidi GB 5. Sina ugomvi na mtu hapo.

Ugomvi wangu wa pili ni na wale wanaosema, "Achana nayo, Windows 10 bado inadunda." Hawa nao wananikera. Mnakumbuka WannaCry, Mei 2017? Kiraka kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla, na bado hospitali za Uingereza zilikwama kwa sababu mashine nyingi hazikuwa zimesasishwa. Sasa fikiria mfumo ambao kiraka chake hakiji kabisa, ndani ya saiba ambapo kila mtu anachomeka flashi yake, halafu anayefuata anaketi pale pale kuandika nywila ya KRA. Hapana. Kwenye kompyuta ya umma, kukaa bila viraka ni kuwakosea wateja.

Fundi naye alikuwa na dawa ya tatu mfukoni: flashi yenye Windows 11 iliyochezewa ili isiulize habari za prosesa. Ukikataa mashine mpya, anakuuzia hiyo. Inaingia, na inafanya kazi. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Yaani mama alipe pesa ili arudi palepale alipoanzia! Na hiyo flashi imepitia mikono ya nani?

Njia halali ya kununua muda ipo. Kwa mtu binafsi, viraka vya mwaka mmoja zaidi, hadi 13 Oktoba 2026, viliwekwa kwa dola 30, au bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Wakazi wa nchi za eneo la uchumi la Ulaya waliondolewa sharti hilo la kuhifadhi. Sisi hatukuondolewa. Kwa biashara bei ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, halafu inaongezeka maradufu kila mwaka. Mara sita, ni dola 366. Kwa saiba ya Timau hiyo si ankara, ni kufunga duka.

Kwa hiyo nilimshauri mama Linux Mint. Toleo la 22 lina viraka hadi 2029, faili lake ni karibu GB 3, na kizazi cha sita linakipokea bila kuuliza umri. Najua mtaniambia Linux ni ya sisi wenye miwani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na wala si watu wa miwani pekee walioitumia. Isitoshe, kazi ya saiba karibu yote iko ndani ya kivinjari.

Karibu yote. Fomu ya ritani ya Excel yenye makro ilitutoa jasho, na printa ilinila Jumamosi nzima. Mwishowe tumeziweka Mint mashine tano. Ya sita imebaki na Windows 10 iliyolipiwa viraka, kwa ajili ya fomu hiyo tu, na mama amebandika karatasi juu yake: USICHOMEKE FLASHI.

Fundi alipita wiki iliyopita. Akaangalia skrini, akamuuliza mama hiyo ni Windows gani.