Shufwa na Witiri: Somo Lenye Uhai

Wanachuo wengi warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha hutuambia kwamba mada ya shufwa na witiri ni nyepesi mno. Watoto hukariri 2, 4, 6, 8, kisha 1, 3, 5, 7, na kipindi kimekwisha. Kwa maoni yetu, hapo somo lenyewe bado halijaanza.

Katika chuo kimoja cha kanda hii ya Ziwa tulishuhudia alama za mazoezi ya kufundisha zikipotea. Zilihifadhiwa katika kompyuta yenye safu ya diski 4. Diski moja ilikufa, taa nyekundu ikawaka kwa majuma matatu, na kazi ikaendelea kama kawaida. Ilipokufa ya pili, alama zote zilitoweka, na wanachuo wakalazimika kukaguliwa upya.

Kwa nini kifo cha kwanza hakikudhuru, na cha pili kikaangamiza? Jibu limo katika shufwa, na mtoto wa Kayenze au Ukerewe aweza kulipata kwa vizibo vya soda.

Mwalimu awasimamishe watoto 4 mbele ya darasa. Watatu wa kwanza, kila mmoja ashike kizibo 1 au asishike kitu. Wa nne ashike kizibo iwapo tu kinahitajika ili jumla iwe shufwa. Darasa lifumbe macho, na mtoto mmoja atoke nje. Kisha wahesabu vizibo vilivyobaki: wakipata witiri, aliyetoka alikuwa nacho; wakipata shufwa, hakuwa nacho. Wakitoka wawili, hesabu haiwezi tena kueleza nani alikuwa na nini.

Diski nazo hufanya hivyo hivyo, kwani maandishi yote ya kompyuta ni mfululizo wa 0 na 1. Diski 4 hubeba mzigo wa 3. Nafasi ya moja ni gharama ya ulinzi.

Mchezo urudiwe, na safari hii mlinzi wa shufwa abadilike kila mzunguko. Watoto wataona sababu upesi: mlinzi akiwa yule yule, kila badiliko humsumbua yeye. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza ngazi 5 za safu za diski; katika ngazi ya tano, kazi ya ulinzi iligawanywa kwa diski zote.

Lakini mwalimu asiishie hapo. Shufwa humrudisha mtoto mmoja aliyetoka. Haiyarudishi maandishi yaliyofutwa kwa makosa, wala haizuii moto au wizi. Nakala iliyowekwa mahali pengine bado ni ya lazima. Na diski moja ikifa, ibadilishwe mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo wenzetu wasemao kwamba shule isiyo na kompyuta haiwezi kufundisha mambo haya. Hatukubaliani nao. Katika chuo kile kompyuta ilikuwepo, na taa ilionekana na wote. Kilichokosekana ni mtu aliyeelewa maana yake. Mtu huyo huandaliwa darasani, kwa vizibo. Ndugu wanachuo, mwandikapo andalio la somo la shufwa na witiri, msiache kuandika pia linafaa nini.