Kontrola Si Mpagazi wa Kila Mzigo

Katika soko la Owino, jirani na uwanja wa Nakivubo, mpagazi hubeba magunia. Hapimi, hapokei fedha, wala haandiki hesabu. Angefanya yote hayo peke yake, mali ya watu ingepotea. Lakini sisi wa chama cha kompyuta twaibebesha kontrola kazi zote.

Mwaka 1979 Bwana Trygve Reenskaug, Mnorwei, alieleza mpango wa kuigawa programu sehemu tatu: modeli hutunza habari na sheria zake, mwonekano huzionyesha, na kontrola hupokea maagizo ya mtumiaji.

Muhula uliopita nilitunga programu ya wavuti ya kuandikisha wanafunzi. Fomu ilikuwa moja, modeli tatu: mwanafunzi, mzazi na malipo. Kazi yote niliitia katika kontrola, nayo ikahifadhi moja baada ya moja. Mzazi mmoja akakosea namba ya simu. Mtoto alikuwa amekwisha andikwa, mzazi akakataliwa, malipo yasifike. Fomu ilipotumwa tena, jina la mtoto likawa mara mbili katika orodha, la kwanza likionyesha deni la karo. Kijana yule akaitwa mbele ya wenzake kuwa hajalipa, hali amelipa. Kosa lilikuwa langu, nami niliona haya.

Dawa yake naona ni hii. Tuunde kitu kimoja, tukiite fomu ya uandikishaji. Hicho kipokee habari zote, kikague modeli zote, kisha kizihifadhi katika muamala mmoja: ziingie zote, au isiingie hata moja. Kontrola ibakiwe na kazi tatu tu: kupokea, kukabidhi na kujibu.

Wengine watasema kuwa Ruby on Rails, tangu toleo la 2.3 la mwaka 2009, huweza kuhifadhi modeli pamoja na zile zilizo chini yake. Ni kweli, na mara nyingi yatosha. Lakini sheria ikiwa ya fomu yenyewe, kama ile ya kukubali masharti ya shule, si ya modeli yo yote; mahali pake ni kwenye fomu. Na fomu ya modeli moja haihitaji haya. Hatukodi lori kwa kubeba kikapu.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Je, mshika tatu? Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na ayalete.